Joto Lililohamia kwa Mama

Kichujio kilikuwa cha moto, ilhali mtambo ulikuwa umezimwa tangu jana yake. Jambo hilo peke yake halikuwa ushahidi wa kitu chochote, na mhandisi wa kituo cha kurushia matangazo, mwanamke aliyezoea kutenganisha kinachojulikana na kinachodhaniwa, alilipokea hivyo. Shaba nene hukaa na joto. Jua la asubuhi hupiga ukuta wa upande ule. Na fundi aliyemletea habari alikuwa ameungua mkono, na mtu aliyeungua hukuza mambo.

"Weka mkono mwenyewe, Mhandisi," alisema fundi.

Fundi huyo walimwita Pasi. Suruali zake zilikuwa na mikunjo mikali ya kukata mkate, na alikuwa na tabia ya kupima joto la kila kitu kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayeijaribu pasi kabla ya kuigusisha kwenye shati.

"Mimi nina kipimajoto," alijibu mhandisi.

"Sawa. Lakini kipimajoto hakijui kuogopa."

Mhandisi alipima. Kichujio kilikuwa na joto zaidi kuliko siku ambazo mtambo hufanya kazi kutwa nzima. Alipima tena kwa kifaa kingine, kwa kuwa kifaa kimoja ni shahidi mmoja. Kifaa cha pili kilikubaliana na cha kwanza.

Kichujio hicho kilikuwa kasha refu la shaba, lililopakwa fedha kwa ndani na kugawanywa vyumba kadhaa, kila chumba na skrubu zake za kurekebishia. Mawimbi yenye nguvu kutoka mtamboni yalipita humo kabla ya kupanda kwenye antena iliyokuwa juu ya mnara, na kutoka hapo yakazifikia nyumba zote za bonde lililo chini ya kilima. Kazi yake ni kama ya bawabu: mawimbi yanayotakiwa huyaruhusu, yasiyotakiwa huyazuia. Yanayozuiwa hayapotei, hugeuka joto. Joto likizidi shaba hutanuka, skrubu hutoka kwenye vipimo vyake, na bawabu huanza kuwazuia hata wenye haki ya kupita, jambo ambalo huongeza joto tena. Kwa miezi mingi kituo kilikuwa kikiendeshwa kwa nusu ya nguvu zake kwa sababu ya ugonjwa huo. Hayo yote yalieleweka. Lisiloeleweka ni kichujio kupata moto wakati hakuna kinachopita ndani yake.

Mhandisi alizichunguza sababu moja baada ya nyingine. Hapakuwa na waya uliosahaulika kuchomolewa. Jua hakulikuta na hatia, maana kichujio kiliendelea kuwa cha moto hata siku za mawingu. Kulikuwa na harufu, hilo alilikiri, harufu ya sufu mbichi iliyopigwa pasi, na hapakuwa na sufu humo chumbani. Kulikuwa na sauti pia. Chuma kinachopoa hutoa mlio mdogo mdogo, na kila fundi anaujua. Lakini mlio huu ulifanana zaidi na kucha zikigonga mfuniko wa sufuria kwa ndani, ulianza mtu alipoingia, ukamfuata akizunguka kasha, na ukanyamaza alipoinama kusikiliza.

"Kuna mtu humo," Pasi alinong'ona.

"Humo haingii hata paka."

"Sikusema mtu wa nyama." Alitazama mlango kabla ya kuendelea. "Miaka yote hii, Mhandisi, kila kisichoruhusiwa kutoka kinabaki kwake. Umewahi kujiuliza kinafanya nini humo?"

"Kinageuka joto. Umesomea hayo, Pasi, nimekiona cheti chako."

"Basi. Na hao wengine, wasio wa nyama, tunaambiwa wameumbwa kwa kitu gani, kama si kwa moto?"

Mhandisi alimwambia akatafute dawa ya mkono wake.

Nyumba ya mhandisi ilishikana na jengo la mtambo, ukuta kwa ukuta, na humo aliishi na mama yake. Mama alikuwa na maradhi ya damu kutofika mwisho wa viungo. Vidole vyake vilikuwa vya samawati, kucha zake za rangi ya jivu, na juu ya kilima kile, ambapo majira ya baridi hayakuwa na haraka ya kwisha, alishinda kitandani chini ya mablanketi akitetemeka na kusema maneno makali. Ukali ndio uliobaki na afya.

"Umesoma mpaka vitabu vimechoka," alimwambia bintiye, "na mama yako analala na soksi tatu."

"Hita ipo, Mama."

"Hita ile inapasha joto ukuta. Mimi ni ukuta?"

Miguu ile ilimuuma mhandisi moyoni kuliko alivyokuwa tayari kusema. Daktari alikuwa amemweleza wazi kwamba baridi ndiyo itakayommaliza mgonjwa, kidole kwa kidole. Alikwisha kupoteza kimoja.

Katika hali hiyo ndipo alipobuni mfumo wa kupoza kichujio. Alizungusha bomba jembamba la shaba kwenye kasha lote, akaliunganisha na pampu, maji yakachukua joto na kuondoka nalo. Hadi hapo kazi ilikuwa safi. Lakini katika fani hiyo joto halipunguzwi. Huhamishwa, na mtu anayejigamba kwamba amelipunguza mahali anapaswa kuulizwa amelipeleka wapi. Michoro ilitaka maji yapelekwe nje, kwenye rejeta, paneli ya chuma ya kutolea joto, inayotazama upepo. Mhandisi aliitazama michoro, akautazama ukuta, na nyuma ya ukuta kilikuwepo kitanda cha mama yake.

"Lipeleke nje, Mhandisi," Pasi alisema alipoona ukuta unatobolewa. "Nakuomba. Porini, kwenye upepo."

"Porini nani anaumwa na baridi?"

"Hilo ndilo ninalolisema. Huko hakuna mtu."

Rejeta ikafungwa chini ya dirisha la mama, mwishoni mwa kitanda. Koki ilipofunguliwa, kichujio kilipoa ndani ya saa ile, kikawa baridi kama sahani kabatini, na kwa mara ya kwanza mtambo ukaendeshwa kwa nguvu zake zote. Wakubwa walipiga simu kumpongeza. Yeye hakuwasikiliza sana. Mama alikuwa amevua soksi zote na anavitazama vidole vyake, ambavyo vilikuwa vimepata rangi ya binadamu.

"Sasa ndiyo nimejua ulikuwa unasomea nini," alisema mama, akacheka, na mhandisi akatoka nje ili asionekane analia.

Siku za mwanzo zilikuwa za heri. Kisha, mchana mmoja, mhandisi alirudi kuchukua miwani yake akamsikia mama anazungumza chumbani, polepole, kwa ile sauti ya adabu ambayo hakuwa ameitumia kwa bintiye tangu azaliwe.

"Unaongea na nani, Mama?"

"Na mgeni."

"Mgeni gani?"

"Huyo aliyekaa miguuni."

Miguuni ilikuwapo rejeta, imepakwa rangi nyeupe, na nguo imeanikwa juu yake.

"Hilo ni bomba la maji ya moto, Mama."

"Bomba haliulizi mtu anaendeleaje."

Wazee huota mchana, na upweke huzungumza. Mhandisi aliyapima hayo yote mawili akayaona yanatosha. Hayakutosha kueleza shuka. Alipotandika kitanda alikuta shuka jeupe limegeuka kahawia pale mama alipolala, rangi ile ile ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi, na alama ilikuwa na mabega, na ilikuwa na visigino. Hayakutosha kueleza glasi ya maji aliyoiweka ya baridi na kuikuta inatoa mvuke mkononi mwa mama. Mama aliacha kula. Alikonda, na macho yake yaling'aa kwa namna ya kumtisha mtu anayempenda. Daktari alikuja, akaweka kipimajoto, akakitazama, akakikung'uta, akaweka kingine, kisha akasema vifaa vyake vimeharibika na akaacha dawa za homa.

"Homa haimfurahishi mtu namna hii," mhandisi alimwambia mlangoni.

"Haimfurahishi," alikubali daktari, akaharakisha kwenda kwenye gari lake.

Mhandisi alipojaribu kumwogesha mama jioni ile, mkono wake ulipogusa bega la mzee aliuondoa kwa ukelele. Ngozi ya kiganja iliinuka malengelenge. Mama alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto aliyeshika sufuria baada ya kukatazwa.

Sasa, kuna jaribio moja ambalo mhandisi angelifanya mapema zaidi kama asingekuwa analiogopa. Joto la chumba lilitoka bombani. Bomba lilipewa na kichujio. Kwa hiyo, ukifunga koki, chumba lazima kipoe na kichujio lazima kipate moto, na yote mengine ni maneno ya mgonjwa. Alifunga koki. Alizima na pampu. Alikaa chumbani akiwa ameshika bomba, likapoa mkononi mwake kama linavyopaswa kupoa, likawa baridi kabisa, na kwa muda huo wote chumba hakikupoa hata kidogo, bali kilizidi, harufu ya sufu mbichi ikapanda kutoka kitandani, vioo vya dirisha vikaanza kutoa jasho, na alipokimbilia kwenye mtambo, uliokuwa ukinguruma kwa nguvu zote bila tone la maji la kupoza, alikikuta kichujio kimekaa baridi na kimya, kikiruhusu na kuzuia kama kilivyotengenezwa, kama nyumba ambayo mpangaji wake msumbufu amehama. Alisimama pale akitafuta maelezo mengine. Hakupata hata moja.

"Pasi," alisema, "yule shangazi yako, yule uliyesema huwatoa hao wasio wa nyama..."

"Anakuja kesho. Nilimwita tangu siku uliyotoboa ukuta, ila amechelewa kwa sababu anapenda kuombwa na mwenye shida."

Shangazi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kwa maisha yake ya kila siku alishona sare za shule. Hakuja na kitu mkononi. Alifika kukiwa mchana kweupe, akamwamkia mama, akavuta kiti, akakaa mbali kidogo na kitanda kwa kuwa mtu hangeweza kukaa karibu. Mhandisi, aliyetarajia makelele na moshi, alishangaa kusikia maswali.

"Mama, ameingia lini?"

"Alipofunguliwa."

"Alikuwa wapi kabla?"

"Amezuiwa mlangoni miaka. Anataka kutoka, hawamwachi. Anasema ni kiza tupu humo, na kila siku wanamkaza skrubu."

Pasi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alificha bisibisi nyuma ya mgongo.

"Na hapa kwako aliingia kwa nguvu?"

Mama aliweka kiganja kifuani. Ndipo sauti ile ikasikika, kucha juu ya mfuniko, polepole; safari hii haikutoka kwenye chuma chochote, ilitoka ndani ya kifua cha mzee.

"Aliniuliza," mama alisema. "Aliniuliza, mama, una baridi? Nikamwambia nina baridi. Akasema, nije? Nikamwambia karibu."

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. Alimgeukia mhandisi na kuteremsha sauti, kama wakili anayemweleza mteja kwamba kesi si ile aliyodhani.

"Mimi huwatoa waliovamia. Aliyevamia hana haki, nikimwambia atoke, atatoka. Huyu amekaribishwa. Hapa mimi sina neno. Mwenye neno ni mwenye nyumba, na nyumba ni mwili wa mama yako."

"Asipomtoa?"

"Kuni zikiisha moto unafanyaje? Atamla mpaka aishe. Kesho, kesho kutwa."

Mhandisi alipiga magoti kando ya kitanda. Joto lilimkausha macho.

"Mama, mwambie aondoke."

"Sitaki."

"Anakuua, Mama."

"Na baridi ilikuwa inanifanyia nini? Inanibembeleza?" Ukali wa zamani ulirudi, mwembamba, wenye cheche. "Mlikuwa mnanifunika na kuondoka. Mnanifunika na kuondoka. Miguu yangu imekufa kabla yangu, na nyinyi mnaniambia hita ipo. Huyu anakaa. Umenielewa? Anakaa."

Hilo lilikuwa kweli, na mhandisi alilijua. Alifanya kitu kisichokuwa hoja. Alinyoosha mikono yote miwili akaishika mikono ya mama yake, na akaishikilia.

Harufu haikuwa tena ya sufu. Shangazi alisema, "Mwanangu, acha," Pasi akasema, "Dada, Mungu wangu, achia," naye hakuachia, alifumba macho na kuuma midomo hadi damu ikatoka, na akasema kwa pumzi iliyokatika kwamba na yeye amekaa, Mama, na yeye leo amekaa, na kama mgeni anataka nyumba mbili basi achukue mbili, lakini mikono hii hataiacha tena, na mama akawa anavuta mikono yake na hawezi, anamtazama binti usoni, anaitazama mikono, na kitu kilichokuwa kimeng'aa machoni mwake kikayumba kama taa umeme unapopungua.

"Unamchoma," mama alisema. Hakuwa akisema na bintiye. "Unamchoma mtoto wangu. Sikukuambia yeye. Nilikukaribisha mimi, si yeye. Toka! Toka, nimesema, toka kwangu!"

Kifua chake kikanyanyuka kutoka kitandani. Vioo vya dirisha vikapasuka vyote kwa pamoja. Kisha wote walisikia, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi baadaye kutoa maelezo tofauti na mwenzake, kitu kikigonga ndani ya bomba lile kavu, kikitoka kwenye rejeta, kikipita ukutani, kikienda mbio upande wa pili. Rangi nyeupe ya rejeta ikababuka na kudondoka njia nzima kilimopita.

Kugonga kukakoma. Mama akaanza kutetemeka, meno yakagongana. Vidole vyake, ndani ya mikono iliyoungua ya bintiye, vikarudi kuwa vya samawati.

"Ametoka," alisema shangazi. Lakini hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Alikuwa akilitazama tundu la ukutani. "Ametoka kwa njia mliyomtengenezea. Upande ule kuna nini?"

Mhandisi aliinua kichwa. Alijua upande ule kuna nini. Alijua pia kwamba mtambo hakuuzima, kwa kuwa kichujio kilikuwa baridi, na hakuna mhandisi anayezima mtambo wenye kichujio baridi. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na hakuna ambaye angelifanya isipokuwa mtu wa kazi hiyo.

Pasi alikuwa ameshakimbia. Waliisikia swichi kuu ikiangushwa, na mngurumo wa mtambo ukafa. Alirudi ameegemea ukuta, suruali yake imelowa jasho na mikunjo yake yote imepotea.

"Skrubu zote zimeng'oka," alisema. "Zimetapakaa sakafuni. Vyumba vyote viko wazi. Nilipofika mshale wa nguvu inayopanda kwenye antena ulikuwa umelala mwisho kabisa, umepinda. Hakikuzuia kitu, Mhandisi. Kilimwacha apite."

Mhandisi hakuhitaji kuuliza alipita kwenda wapi. Kupitia dirisha lisilo na kioo bonde lote lilionekana, paa baada ya paa, na juu ya kila paa antena ndogo, zote zikiwa zimeelekeza nyuso zake kwenye kituo. Baridi ya kilima iliingia chumbani, na huko chini pia ilikuwa baridi. Moshi mwembamba ulijikunja juu ya nyumba chache zenye kuni.

Shangazi alimfunga mhandisi mikono kwa vitambaa vilivyolowekwa majini. Pasi alirundika mablanketi juu ya mama, akaongeza na koti lake. Mama alikuwa hai. Mhandisi alilishikilia hilo kwanza, kwa kuwa lilikuwa la hakika: mapigo yalikuwepo, pumzi ilikuwepo, na ukali ungerudi. Alipanda kitandani akalala pembeni yake ili ampe joto alilokuwa nalo.

"Nitawaonya," alisema. "Nitawatangazia nyumba zote. Mtu akisikia sauti inamuuliza kama ana baridi, asiikaribishe."

"Utawatangazia kwa njia ipi?" mama aliuliza.

Mhandisi aligeuka kuutazama ukuta uliotobolewa. Njia ilikuwa moja tu, ile ile aliyoipitia mgeni.

"Na hata wakikusikia, mwanangu." Mama alijikunja ndani ya mablanketi, akageuza uso kuelekea dirishani, kule zilikokuwa nyumba. "Wewe hujawahi kujua baridi. Watamkaribisha. Mimi nawajua wazee wenzangu."

Alilitazama bonde, akitetemeka, na mhandisi, aliyekuwa karibu naye kiasi cha kusikia kila pumzi, alitambua kwamba sauti ya mama haikuwa na hofu wala majuto. Ilikuwa na wivu.